Uvimbe Kwenye Mkono wa Nesi

Leo tuache siasa kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu kile kipimo cha ngozi cha kifua kikuu. Unachomwa sindano ndogo kwenye mkono, upande wa ndani, chini ya kiwiko. Unaambiwa urudi baada ya siku mbili au tatu. Ukirudi, mtu anapapasa ngozi, anachukua rula, anaandika namba. Watu wengi hukisahau siku hiyo hiyo. Lakini kuna kundi moja la watu ambalo halikisahau hata kidogo, nalo ni manesi, madaktari, watu wa maabara na wote wanaoshinda wodini.

Rafiki yangu mmoja ni nesi. Alisomea hapa Tanzania, akafanya kazi miaka kadhaa, kisha akapata ajira Marekani. Kabla hajakabidhiwa hata sare alichomwa sindano hiyo, na siku ya tatu mkono ulikuwa na uvimbe mgumu wa milimita 12. Kwenye karatasi wakaandika "chanya". Akanipigia simu usiku wa manane. "Kaka, kwa hiyo nina TB? Na watoto je, nimeshawaambukiza?" Huyu ni mtu ambaye amewafundisha wagonjwa mamia kuhusu TB! Picha ya kifua ilitoka safi, hakuwa na kikohozi wala homa, na daktari alimweleza kwamba haumwi. Usingizi haukurudi haraka hata hivyo.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuuliza mambo yametoka wapi. Basi nikaanza kufuatilia kipimo hiki kilitoka wapi, na kwa nini namba moja ya milimita inaweza kumtetemesha mtu aliyeisomea. Nilichokikuta ni historia ndefu, na sehemu kubwa yake ni historia ya wahudumu wa afya wenyewe.

Tuanze Berlin. Machi 24, 1882, Robert Koch alisimama mbele ya wanasayansi wenzake na kuonyesha kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kabla ya hapo wengi waliamini ni ugonjwa wa ukoo, au wa umaskini, au wa watu wenye hisia nyingi. Miaka minane baadaye, Agosti 1890, Koch alitangaza kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari, mjini Berlin tena, kwamba amepata kitu kinachozuia ugonjwa huo kwa simbilisi. (Simbilisi ni wale wanyama wadogo ambao ndugu zetu wa Nyanda za Juu Kusini huwafuga kwa kitoweo.) Hakusema kitu chenyewe ni nini. Dunia ikapagawa. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa treni, wengine wakiwa taabani. Miongoni mwa waliokwenda kuchungulia alikuwamo daktari kijana kutoka Uingereza aitwaye Arthur Conan Doyle, yule yule aliyemtunga Sherlock Holmes, na aliporudi aliandika akiwatahadharisha watu wasishangilie mapema.

Alikuwa sahihi. Ile dawa, iliyokuja kuitwa tuberkulini, ilikuwa mchuzi tu uliotokana na vijidudu vilivyooteshwa maabara. Haikuponya. Januari 1891 mwanapatholojia Rudolf Virchow alionyesha viungo vya watu waliokufa baada ya kuchomwa, na ikaonekana kwamba kwa baadhi yao ugonjwa ulikuwa umechochewa badala ya kutulizwa. Ilikuwa fedheha kubwa kwa mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa zama zake.

Sasa hapa kuna jambo ambalo naona halisimuliwi vya kutosha. Kabla ya kuwachoma wagonjwa, Koch alijichoma mwenyewe. Kwa saa chache alipata homa kali, akatetemeka, akapata kichefuchefu, akapumua kwa shida. Watu wasio na ugonjwa, aliandika, huhitaji dozi kubwa ndipo waone kitu. Leo tunaelewa zaidi: mwili ambao haujawahi kukutana na vijidudu vya TB kwa kawaida hauna ugomvi na tuberkulini. Mwili uliokwisha kukutana navyo hukasirika. Koch alikuwa ameshinda miaka mingi maabara akivifuga vijidudu hivyo, kwa hiyo inaelekea sana kwamba yeye mwenyewe alikuwa "chanya". Kwa maneno mengine, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupata majibu yaliyomkosesha rafiki yangu usingizi ni aliyetengeneza kipimo chenyewe. Naye hakufa kwa TB. Alikufa kwa moyo mwaka 1910, akiwa na miaka 66.

(Kwa wanaopenda mambo ya nyumbani: Koch huyu alifika huku kwetu zaidi ya mara moja wakati wa Wajerumani. Kati ya 1906 na 1907 alikuwa Amani kule Usambara, kisha visiwa vya Ssese nchini Uganda, akitafuta tiba ya malale. Alitumia dawa yenye aseniki iitwayo atoxyl, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Tuberkulini ilikataa kuwa dawa, lakini ikawa kipimo. Mwaka 1907, mjini Vienna, daktari wa watoto Clemens von Pirquet, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametunga neno "aleji", alianza kukwaruza ngozi ya watoto na kudondoshea tone la tuberkulini. Waliokwisha kuambukizwa walitoa kipele. Alichogundua kiliwashangaza wengi: katika mji ule, watoto wengi sana walikuwa chanya kabla ya kufikia utu uzima, na wengi wao walikuwa wakicheza mpira na kula vizuri, hawaumwi chochote. Ndipo yakaanza mazungumzo kuhusu kifua kikuu kilicholala. Mwaka 1908 Mfaransa Charles Mantoux akaboresha njia kwa kuchoma ndani ya ngozi yenyewe kwa sindano nyembamba, na hadi leo kipimo kinabeba jina lake.

Lakini tuberkulini ya zamani ilikuwa chafu, na kila maabara ilikuwa na ya kwake. Aliyeisafisha ni mwanamama wa Kimarekani, Florence Seibert, mwanakemia aliyechechemea maisha yake yote kwa sababu ya polio ya utotoni. Akiwa Philadelphia alifanikiwa kutenga ile protini inayofanya kazi, na katika miaka ya 1930 ikapatikana tuberkulini safi iitwayo PPD. Marekani ikaifanya kipimo rasmi mwaka 1941, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hakutafuta hatimiliki ya kujitajirishia.

Haya, turudi kwa manesi, maana hapa ndipo moyo wa habari ulipo.

Katika karne ya 19 madaktari wengi waliamini kwamba kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu hakuna hatari. Mwaka ule ule wa 1882 ambao Koch alimwonyesha kijidudu, hospitali ya Brompton ya London, iliyokuwa maalumu kwa magonjwa ya kifua, ilitolewa mfano: angalieni, wafanyakazi wetu hawaugui. Nesi akiugua, jibu lilikuwa rahisi. Alikuja nao kutoka kwao. Ni wa ukoo. Alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Hoja ya namna hii inamfaa sana mwajiri, maana haimgharimu senti moja. Na ilitamkwa ingawa wote walimjua René Laennec, Mfaransa aliyebuni ile ala ya kusikilizia kifua mwaka 1816 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1826 akiwa na miaka 45, baada ya maisha marefu ya kupasua maiti za waliokufa kwa ugonjwa huo huo.

Aliyeibomoa hoja hiyo ni daktari wa Norwei, Johannes Heimbeck, wa hospitali ya Ullevål mjini Oslo. Kuanzia mwaka 1924 alifanya jambo ambalo ukilisikia leo unaona ni la kawaida tu. Aliwapima kwa tuberkulini wanafunzi wa unesi siku wanapoingia chuoni, halafu akaendelea kuwapima na kuwafuatilia wakati wote wa masomo ya miaka mitatu. Karibu nusu waliingia wakiwa hasi, yaani miili yao ilikuwa haijawahi kukutana na TB. Walipomaliza masomo, karibu wote walikuwa wamegeuka chanya. Hawakuupata kwao wala kwa ukoo. Waliupata wodini.

Halafu likaja la pili, na hili ndilo ningependa kila nesi alisikie. Heimbeck alipohesabu walioumwa, wengi walikuwa wale walioingia hasi: takriban mmoja katika kila watatu wa wale ambao hawakupewa chanjo aliugua. Walioingia wakiwa tayari chanya waliougua walikuwa wachache sana, kama 3 katika kila 100. Yaani wale ambao sisi tungewakimbia, wenye uvimbe mkononi tangu siku ya kwanza, ndio waliokuwa salama zaidi. Walikuwa wamekutana na kijidudu zamani na miili yao ilikuwa imekizingira na kukifungia. Hatari kubwa ilikuwa kwa yule ambaye mkono wake ulikuwa laini mwaka jana na mwaka huu umevimba.

Tunachofundishwa sasa kinaendana na hayo. Mtu mwenye afya aliyeambukizwa ana uwezekano wa kati ya asilimia 5 na 10 wa kuugua TB katika maisha yake yote, na karibu nusu ya hatari hiyo iko ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa, na wengi wao hawataugua kamwe. Aliyeambukizwa bila kuugua haambukizi mtu. Hakohoi vijidudu. Watoto wake wako salama kwake. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini yapo mawingu yanayokaa juu ya Kilimanjaro mwaka mzima na Moshi mjini hainyeshi.

Kwa hiyo swali la maana si "una uvimbe?" bali "uvimbe umekuja lini, na ulikuwa wapi?"

Kwa rafiki yangu, jibu la "lini" linavurugwa na kitu kingine: lile kovu la begani. Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin walikaa miaka 13 wakimdhoofisha kijidudu cha TB ya ng'ombe, hadi mwaka 1921 mtoto wa kwanza alipopewa chanjo yao, BCG. Heimbeck alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuwapa manesi, mwishoni mwa miaka ya 1920, na waliochanjwa waliugua kwa uchache zaidi. Mwaka 1930 chanjo karibu ife kabisa, pale watoto takriban 250 wa mji wa Lübeck, Ujerumani, walipopewa dozi zilizochanganyika maabara na kijidudu kikali, na zaidi ya 70 wakafariki. Ilinusurika, na leo karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki anayezaliwa kituoni anaipata.

Sasa BCG ina tabia moja: inaweza kuufanya mkono uvimbe kwenye kipimo. Hapo mataifa yakagawanyika. Nchi nyingi zilisema chanjo kwanza, kipimo baadaye. Marekani ilikataa kuitoa kwa wote, sababu mojawapo ikiwa kwamba ilitaka kipimo kibaki kusomeka. Ndiyo maana nesi kutoka Tanzania, Ufilipino au India akifika huko anakuwa kama mtu aliyebeba barua iliyoandikwa kwa lugha mbili. Milimita 10 kwa mhudumu wa afya huhesabiwa chanya. Je, 12 za rafiki yangu ni chanjo ya siku alizozaliwa? Ni mgonjwa wa wodi ya mwaka wa pili chuoni? Ni jirani aliyekohoa uani akiwa darasa la tatu? Kipimo hakisemi. Na tusijidanganye upande wa pili pia: athari ya BCG ya utotoni kwa watu wengi hufifia baada ya miaka kama kumi, kwa hiyo "ah, ni chanjo tu" si jibu la kulalia. Siku hizi vipo vipimo vya damu visivyochanganywa na BCG, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha vipimo vipya vya ngozi ambavyo navyo vinatofautisha.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi. Tangu miaka ya 1980 Ukimwi uliporudisha TB kwa kishindo katika Afrika, watu wengi wakisikia chanya ya TB husikia chanya ya pili bila hata kuambiwa. Nadhani nusu ya hofu ya manesi wetu iko hapo, ingawa hawaisemi. Lakini kipimo hiki hakisemi lolote juu ya VVU. Tena kinyume chake: kinga ikishuka sana, mwili hukosa nguvu hata ya kukasirika, na mkono hubaki laini ingawa kijidudu kimo ndani. Mkono laini si lazima uwe habari njema, na uvimbe ni ishara kwamba kinga iko macho. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayejificha kupima VVU kwa kuogopa uvimbe anajinyima habari ambayo ingemsaidia kulindwa mapema.

Maana kinga ipo. Isoniazid ilipatikana kama dawa ya TB mwaka 1952, na mwishoni mwa muongo huo Mmarekani George Comstock aliipeleka Bethel, Alaska, kwa wenyeji waliokuwa wakiteketea kwa TB, kuona kama itawazuia walioambukizwa wasiugue. Yeye na familia yake waliinywa pia. Ilipunguza ugonjwa kwa zaidi ya nusu. Siku hizi si lazima kumeza vidonge miezi tisa. Upo mpango wa dozi 12, mara moja kwa wiki, na mwingine wa mwezi mmoja. Na anayeugua kabisa anatibiwa kwa miezi sita, muda ambao ulithibitishwa na majaribio yaliyofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma wa Tanzania, ulioanza mwaka 1977 kwa ushirikiano na Karel Styblo, ndio uliokuja kuwa kielelezo cha dunia. Watu wetu ndio walioifundisha dunia kwamba TB inapona haraka. Inasikitisha kwamba nesi wa nchi hiyo hiyo anaona aibu kusema mkono wangu umevimba.

Nimalizie na simbilisi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja ya askari wastaafu mjini Baltimore, Richard Riley na wenzake walichukua hewa iliyotoka kwenye wodi ya wagonjwa wa TB na kuipitisha kwa mabomba hadi kwenye chumba cha simbilisi juu ya wodi. Wanyama hawakugusana na wagonjwa wala vyombo vyao. Walivuta hewa tu. Kila mwezi walipimwa kwa tuberkulini, na mmoja baada ya mwingine wakageuka chanya. Kundi la pili lilipewa hewa ile ile iliyopitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno. Halikuambukizwa. Wakaona pia kwamba wagonjwa waliokuwa kwenye dawa zinazofanya kazi waliambukiza kwa nadra sana.

Ukiweka Heimbeck na Riley pamoja, picha ni moja. Mkono wa nesi unapima hewa ya wodi. Tumekuwa tukiusoma kana kwamba unapima usafi wa nesi, au bahati yake, au ukoo wake. Nesi aliyekuwa hasi mwaka jana na leo ni chanya ametuletea taarifa: kuna mgonjwa aliyekohoa hapa wiki nyingi bila kugunduliwa, au kuna chumba kisichopitisha hewa. Taarifa hiyo ilipaswa ifike kwa msimamizi wa hospitali kabla ya kuishia kwenye faili la nesi. Mwaka 2006 dunia ilisoma habari za Tugela Ferry, Afrika Kusini, ambako kati ya wagonjwa 53 wa TB sugu kupindukia walikufa 52, na wahudumu wa afya walikuwamo. Ile hewa haikuuliza nani ni mgonjwa na nani amevaa sare.

Mwaka 2019 Marekani iliacha kupendekeza kuwapima wahudumu wote kila mwaka, kwa sababu TB kwao imepungua na majibu ya uongo yalikuwa mengi. Huko sawa. Kwetu ambako mgonjwa hukaa benchi moja na watu 40 akisubiri kadi, hoja hiyo haihami nayo. Nesi wetu apimwe siku anayoingia kazini, apimwe tena, majibu yawe siri yake, na akigeuka apewe dawa ya kinga bila kunyooshewa kidole. Wahenga walisema mganga hajigangi. Basi lazima awepo wa kumganga.

Na dirisha lifunguliwe. Utafiti uliofanyika Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hospitali za zamani, zenye dari refu na madirisha makubwa, zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vyenye mitambo. Hospitali zetu za enzi zile, zenye varanda na dari la kurusha mpira, zilijengwa hivyo kwa sababu. Tunazibomoa na kujenga vyumba vya vioo na viyoyozi. Ukiingia wodini ukakuta kila dirisha limefungwa, omba lifunguliwe, hata kama ni wewe uliyelazwa.